Wakimbizi Kenya: Tuwapunguze au Tuwapokee?

(Mada iliyotolewa mbele ya vijana baada ya Sala ya Alasiri katika mwezi wa Ramadhani, na kuandikwa upya kwa ajili ya wasomaji)

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Shukrani zote ni za Allah (S.W.T.) aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu yangu msomaji, kamati iliponipa mada hii nilitaka kuikataa. Niliwaambia nipeni adabu za funga, nipeni kijana na simu yake, mambo ambayo mtu akiyasema hakuna wa kumkasirikia. Wakanijibu kwamba funga imeshachukuliwa na masheikh, na wewe ndiye uko chuo kikuu, basi tueleze hili la wakimbizi maana kila baraza linalizungumza. Nikakubali. Lakini kulikuwa na sababu nyingine ya kutaka kukataa, nayo nitaisema huko mbele, inshaAllah, nikipata ujasiri.

Swali lenyewe ni hili: Je, Kenya ipunguze idadi ya watu wanaokimbilia hapa kutoka nchi nyingine? Utalisikia kwa kinyozi, utalisikia kwenye matatu, na wallahi utalisikia hata kwenye veranda ya msikiti watu wakisubiri adhana ya Magharibi na tende ziko mkononi. Mmoja atasema wamezidi. Mwingine atasema ni ndugu zetu. Kisha adhana inaadhiniwa, watu wanafuturu, na mjadala unaisha hapo hapo bila mtu kujua hata hesabu.

Basi tuanze na hesabu.

Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, watu walivuka mpaka kwa maelfu. Kambi za Dadaab zikajengwa mwaka huo huo na mwaka uliofuata katika ardhi kavu ya Garissa: Ifo, Dagahaley na Hagadera. Zilikusudiwa watu kama 90,000 hivi, na kwa muda mfupi tu, mpaka mambo yatulie kwao. Kakuma, kule Turkana, ikaanza mwaka 1992 kwa vijana waliotembea kwa miguu kutoka vita vya Sudan. Ule "muda mfupi" sasa umepita miaka 30. Kuna mtu Dadaab aliyezaliwa kambini, akaolewa kambini, na watoto wake wamezaliwa kambini. Mwaka 2011, ukame ulipoungana na vita, waliofika walikuwa zaidi ya 1,000 kwa siku, na Dadaab ikakaribia watu nusu milioni. Kufikia mwaka 2025 nchi nzima ilikuwa na wakimbizi na waomba hifadhi zaidi ya 800,000.

Hiyo ni idadi kubwa. Mwenye kusema ni kubwa hajakosea, wala si lazima awe mtu mwenye chuki. Sikupendi ukimwita kila mwenye kuuliza swali kuwa ni adui wa Uislamu, maana hapo mazungumzo yamekwisha na wewe umejiona umeshinda.

Sasa, je, Kenya imewahi kujaribu kupunguza? Imejaribu, tena si mara moja.

Mwezi wa Disemba 2014 Bunge lilipitisha sheria ya mabadiliko ya usalama, katika kile kikao cha vurugu ambacho wengi mtakikumbuka, au mtakuwa mmekiona kwenye video. Ndani ya sheria hiyo kulikuwa na kifungu cha 48. Kilisema wakimbizi na waomba hifadhi wanaoruhusiwa kukaa Kenya wasizidi 150,000. Wakati huo walioko nchini walikuwa zaidi ya nusu milioni. Hebu toa mwenyewe. Ni watu zaidi ya 350,000 ambao sheria ingewaambia: nyinyi mmezidi. Waende wapi? Kifungu hakikusema. Mtu aliyevuka mpaka jana na mtoto mgongoni akiwa wa 150,001, yeye hadithi yake haisikilizwi, kwa sababu nafasi zimeisha kama viti vya basi.

Tarehe 23 Februari 2015 majaji 5 wa Mahakama Kuu wakakitupilia mbali kifungu hicho pamoja na vingine. Sababu, kwa lugha yetu ya baraza, ni kwamba Kenya imejifunga kwa mkataba na kwa sheria yake yenyewe kutomrudisha mtu mahali ambapo roho yake iko hatarini, na huwezi kuitimiza ahadi hiyo na papo hapo ukaiwekea hesabu. Mwezi wa Mei 2016 serikali ikatangaza itaifunga Dadaab kabisa. Tarehe 9 Februari 2017 Mahakama Kuu ikasema hapana, hilo nalo ni kinyume cha katiba. Mwaka 2021 likatangazwa tena, na tarehe ikawekwa: Juni 2022. Tarehe ikafika, ikapita.

Lakini kuna jaribio moja la nyuma zaidi ambalo mimi naona ndilo lenye somo kubwa, nalo halizungumzwi. Januari 2007 Kenya ilifunga mpaka wake na Somalia. Kabla ya hapo palikuwa na kituo Liboi, mpakani, ambapo mtu akiingia anaandikishwa, anaangaliwa afya yake na kuulizwa habari zake, kisha anapelekwa Dadaab. Mpaka ulipofungwa, kituo nacho kikafungwa. Je, watu waliacha kuja? Mwisho wa 2006 Dadaab ilikuwa na watu chini ya 200,000. Nimeshakwambia 2011 ilikuwa na wangapi. Mpaka ulikuwa umefungwa miaka yote hiyo! Walipita porini, wakalipa wa kulipwa, wakatembea zaidi ya kilomita 80 mpaka kambini, na wengine hawakwenda kambini kabisa. Kilichopungua ni kujua nani ameingia. Ukifunga mlango wa mbele na ua halina ukuta, huwezi kusema umezuia wageni. Umejifunika macho tu.

Ndugu yangu, usalama ni hoja ya kweli, na sisi Waislamu tusiikimbie. Tarehe 21 Septemba 2013 waliuawa watu 67 pale Westgate. Tarehe 2 Aprili 2015, Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148, wengi wao wanafunzi wa umri wetu, waliamshwa alfajiri wakatenganishwa kwa dini zao na kuuawa. Mimi naishi katika hosteli ya chuo na mwenzangu wa chumbani ni Mkristo. Kila tukisikia mlango unagongwa kwa nguvu usiku, sote wawili tunaangaliana. Usiniambie hofu hiyo ni propaganda.

Siku chache baada ya Garissa, Naibu Rais wa wakati huo, William Ruto, aliipa UNHCR miezi 3 iihamishe Dadaab. Lakini ilipochunguzwa nani waliofanya ile kazi, mmoja wa washambuliaji alionekana ni Mkenya, mtoto wa chifu, aliyehitimu sheria chuo kikuu hapa hapa Nairobi. Huyo hakuvuka mpaka wowote kuja kwetu. Ungepunguza wakimbizi mpaka wabaki sifuri, yeye bado angekuwa darasani amekaa kiti cha mbele.

Na mwaka uliotangulia, Aprili 2014, ilikuwepo Operesheni ya Usalama Watch. Maelfu ya watu walikamatwa, wengi Eastleigh, wakapelekwa Uwanja wa Kasarani kuchunguzwa. Mle kulikuwa na wakimbizi wenye karatasi halali, na kulikuwa na Wakenya kabisa, wenye vipande vyao mfukoni. Mtu anaangaliwa uso na jina. Ile ilikuwa Aprili 2014. Garissa ilikuja Aprili 2015.

Sasa twende kwenye dini, maana najua kuna mzee pale mbele ameanza kuangalia saa.

Kila aliyepita chuoni anakijua kisa cha Najashi. Mwaka wa 5 tangu kupewa utume, Makka ilipokuwa moto, Mtume (S.A.W.) aliwaelekeza baadhi ya masahaba wake Habasha kwa mfalme ambaye hakuna anayedhulumiwa kwake. Mfalme yule alikuwa Mkristo. Wakaenda kundi la kwanza, kisha kundi kubwa zaidi likiongozwa na Jaafar bin Abi Talib (R.A.). Makuraishi wakatuma watu 2 na zawadi za ngozi nzuri, wakaanza kwanza kuwagawia makasisi na wakubwa wa mfalme, kila mtu na fungu lake, kisha wakaomba wale watu warudishwe. Wakubwa wakasema: warudishe, watu wao wanawajua zaidi. Sisi chuoni tulisoma kisa hiki kama kisa cha ushujaa wa Jaafar, na namna aya za Surat Maryam zilivyomliza mfalme. Ni kweli. Lakini niliposoma tena mwaka huu kwa ajili ya mada hii nikakiona kitu ambacho maalim wangu hakukisimamia, Allah amrehemu.

Najashi hakuwauliza: mko wangapi? Wala hakusema mnakaribishwa nyote, ingieni. Alisema hawezi kuwatoa watu waliomkimbilia mpaka awaite awasikilize. Akawaita. Akawauliza: ni jambo gani hili lililowatoa kwenu? Akasikiliza mashtaka, akasikiliza majibu. Alipoukuta ukweli akazirudisha zile zawadi, ijapokuwa wakubwa wake walikuwa wakinung'unika mbele yake. Ile ni kesi, ndugu yangu. Ile ndiyo Liboi yenyewe kabla haijafungwa.

Ndugu mmoja, tulipotoa mada hii, alininyanyukia kwa hoja nzito na lazima niiandike kwa insafu. Alisema: "Mbona unachagua visa? Hudaybiya umeiacha wapi? Mtume si alikubali kuwarudisha waliomkimbilia?" Amesema kweli. Mwaka wa 6 wa Hijra, katika mapatano ya Hudaybiya, kulikuwa na sharti kwamba atakayetoka Makka kwenda Madina bila idhini ya walii wake, atarudishwa. Kabla wino haujakauka akaja Abu Jandal anakokota minyororo, na baba yake mzazi ndiye aliyekuwa akiandikiana upande wa Makuraishi. Akarudishwa. Masahaba walilia. Sayyidna Umar (R.A.) hakuweza kujizuia akaenda kuuliza. Kwa hivyo dini yetu haijasema kwamba kiongozi hana mamlaka ya kuweka mikataba juu ya mipaka yake, tena mikataba inayouma.

Ila soma kilichofuata. Wanawake nao wakaanza kutoka Makka, akiwemo Ummu Kulthum bint Uqba, na ndugu zake wakamfuata kumdai. Hapo ikateremka aya ya 10 ya Surat Al-Mumtahana. Waumini wakaamrishwa wawajaribu wanawake waliohama, na wakijua kuwa ni waumini, wasiwarudishe. Na waume waliobaki Makka walipwe walichotoa, ili hata upande ule usidhulumiwe. Ummu Kulthum hakurudishwa. Sura nzima ikaitwa kwa jina la huko kujaribiwa! Na wafasiri wamepokea kwamba mwanamke yule alikuwa akiapishwa kuwa hakutoka kwa kumchukia mumewe, wala kwa kupenda kuhama nchi hadi nchi, wala kwa kutafuta dunia.

Mimi nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Maofisa wanaoshughulikia wakimbizi hii leo kazi yao si ndiyo hiyo? Kutenganisha aliyekimbia kwa hofu na aliyehama kutafuta riziki. Wa pili huyo si mwenye dhambi, maana nusu ya vijana wa mtaa wetu wako Saudia na Qatar kwa sababu hiyo hiyo, na nchi inaweza kumwekea idadi, viza na masharti, kama hao wanavyotuwekea sisi. Wa kwanza ndiye asiyewekewa hesabu. Huyo anasikilizwa, na akionekana ni mkweli harudishwi.

Hilo ndilo jibu langu kwa swali la mada, na ningeweza kuishia hapo nikateremka. Lakini nilikuahidi ile sababu ya pili.

Nilipofika miaka 18 nilikwenda kuchukua kipande. Afisi sitaitaja. Wanafunzi wenzangu wenye majina ya bara walipeleka cheti cha kuzaliwa na karatasi ya mzazi, wakapigwa picha, wakaenda zao. Mimi, kwa jina langu na sura yangu, niliambiwa nilete kipande cha baba, cha babu, na kama ninayo, cha baba yake babu. Kisha nikangoje siku ya wazee wa kuhoji. Msomaji wa Pwani, wa Garissa, wa Kibra mwenye asili ya Kinubi, huna haja ya kuelezwa. Siku ile tulikuwa kwenye benchi, na karibu yangu alikuwa kijana niliyesoma naye tangu darasa la nne. Kwao asili yao ni Wasomali wa Garissa, yeye kazaliwa hapa hapa mtaani, Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Karani akapita akatutazama akasema, "Nyinyi wakimbizi hamuishi?"

Nikasema, "Mimi si mkimbizi. Wakimbizi ni hawa." Na nikamwonyesha mwenzangu kwa kidole.

Karani akacheka. Mimi nikapata kipande baada ya wiki chache, nikawahi mkopo wa HELB, nikaingia chuo kikuu. Yeye alizungushwa zaidi ya mwaka. Hakuingia chuo kikuu.

Sisemi kidole changu ndicho kilichomchelewesha. Nasema wakati ule nilitaka sana kuwa ndani ya mlango hata nikatafuta wa kumsukuma nje. Na nimekuja kuona kwamba wengi wetu tunaosema "wakimbizi wapunguzwe" kwa sauti kubwa kule barazani, hatuzungumzi na wakimbizi wala habari zao hatuzijui. Tunazungumza na yule karani, tunamwambia sisi ni Wakenya kweli. Februari 2025 Rais alitia saini huko Wajir kuondoa ule uhoji wa ziada kwa watu wa kaunti za mpakani. Alhamdulillah kwa hilo. Lakini mazoea ya moyoni hayaondolewi kwa saini.

Na hivi mnajua kuna Wakenya waliogeuka wakimbizi katika nchi yao? Wakati wa ukame, wafugaji wa Garissa walikuwa na njaa ile ile, lakini mgao wa chakula, hospitali na shule vilikuwa ndani ya kambi. Basi wengine walikwenda kujiandikisha kama wakimbizi ili watoto wale. Alama za vidole zikachukuliwa. Mtoto alipofika miaka 18 akaenda kuomba kipande, kompyuta ikasema huyu ni mkimbizi. Akakosa huku, akakosa kule. Wapo waliohangaika hivyo miaka mingi.

Hapa ndipo mwenyeji naye anapokuwa na haki ya kulalamika, na nataka tumsikilize. Mama wa Dadaab ameona miti ikikatwa kwa kuni mpaka anakwenda mbali kuliko nyanya yake alivyokwenda. Ameona kisima kikichimbwa ndani ya ua la kambi na yeye yuko nje na punda wake. Mkaazi wa Eastleigh atakwambia kodi ya nyumba ilivyopanda. Ukimwendea mama huyo na hadithi za ukarimu bila maji, umemdhihaki. Ansari wa Madina walisifiwa katika Surat Al-Hashr kwa kuwatanguliza wenzao ijapokuwa wao wenyewe wahitaji, na sifa hiyo ni ya mtu anayetoa chake mwenyewe. Wewe uliyeko Nairobi ukitoa kuni za mama wa Dadaab, hiyo si ithari.

Lakini tusisahau upande wa pili wa Madina. Abdurrahman bin Auf (R.A.) alipofika hana kitu, Saad bin Rabii (R.A.) akamwambia chukua nusu ya mali yangu. Abdurrahman akamwombea baraka, kisha akasema: nionyesheni soko liko wapi. Akaanza kuuza jibini na samli. Baadaye si mnajua alivyotajirika? Sasa fikiria Madina ingemwambia: kaa kambini, usitoke bila pasi, usifanye kazi bila kibali, na chakula tutakuletea. Kisha baada ya miaka 30 Madina ilalamike kwamba Abdurrahman anakula bure!

Eastleigh haikujengwa na serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nyumba ya kulala wageni iliyoitwa Garissa Lodge iligeuka soko, kila chumba duka, wakimbizi na Wasomali wa Kenya wakiuza nguo chini ya vitanda. Leo nusu ya mashuka na mapazia ya harusi za mtaani kwetu yanatoka Eastleigh. Na Kakuma, mahali tunapodhani ni pa kusubiri mgao tu, utafiti wa IFC uliotolewa mwaka 2018 ulikadiria soko lake kuwa la dola milioni 56 kwa mwaka.

Kwa watu wa Pwani nina neno la pembeni. Miaka ya 1990 Mombasa nayo ilikuwa na kambi. Wazee wanaikumbuka Utange. Walikuwepo humo watu wa Barawa, na lugha yao, Chimiini, ni tawi la Kiswahili hiki hiki. Kambi hizo zilifungwa kabla ya muongo ule kwisha, wengi wakapelekwa Dadaab na Kakuma. Januari 2001, polisi walipowafyatulia risasi waandamanaji Pemba, watu zaidi ya 2,000 walivuka bahari wakaja Shimoni. Hao ni watu tunaooana nao. Na Wapemba waliotangulia zamani, wavuvi wa Kilifi na Kwale, waliishi hapa vizazi na vizazi bila uraia, wakivua samaki bila leseni kwa jina lao, mpaka serikali ilipowatambua mwaka 2023. Unapomla changu wako wa kupaka usiku wa daku, huenda ulivuliwa na mtu aliyehesabiwa kuwa mgeni miaka 60.

Mambo ya sasa yamebadilika kidogo. Sheria mpya ya Wakimbizi ya 2021 imefungua mlango wa kazi na biashara zaidi kuliko ile ya 2006. Machi 2025 Rais Ruto, yule yule wa miezi 3, alizindua Mpango wa Shirika, wa kuzigeuza kambi ziwe miji ambamo mkimbizi na mwenyeji watatumia shule moja na hospitali moja. Mwaka huo huo Marekani ilisimamisha kuwachukua wakimbizi, na watu waliokuwa wameshauza masufuria yao wakisubiri ndege wakabaki. WFP ikapunguza mgao kwa kukosa fedha, kukawa na maandamano Kakuma. Kwa hivyo pesa za nje zinapungua wakati tumeahidi miji. Nani atalipa maji ya mama wa Dadaab? Ukimwona mbunge wako, muulize hilo badala ya kumuuliza atawafukuza lini.

Baada ya mada, dada mmoja kule nyuma, ukumbi wa wanawake, aliandika swali kwenye karatasi: "Wewe uko Liboi mwaka 2011. Wamefika 1,000 leo, kesho 1,000. Maji yamekwisha. Utasimamia wapi?" Ukumbi ulinyamaza. Nikamjibu kwamba ningemwandikisha wa 1,001, na ningepiga simu Nairobi, Geneva, Riyadh na Doha mpaka wanichoke, maana wale watu 1,000 hawakukimbilia Garissa peke yake. Walikimbilia ulimwengu, Garissa ndiyo iliyokuwa karibu. Akatuma karatasi ya pili: "Na wasipopokea simu?" Nikamwambia bado ningemwandikisha. Akatikisa kichwa, sijui kwa kukubali au kwa kunihurumia.

Mwisho ni tangazo. Jumuiya imekubaliana kwamba kila Jumamosi iliyobaki ya mwezi huu, baada ya Sala ya Adhuhuri, wanafunzi wetu 3 wanaosoma sheria watakaa katika afisi ya madrasa kumsaidia yeyote mwenye matatizo ya kipande, cheti cha kuzaliwa au karatasi za ukimbizi. Ni bure. Usiulize mtu ni wa wapi kabla hujamletea kiti. Lete nakala mbili mbili, maana mashine yetu ya kupiga kopi imeharibika. Mimi nitakuwepo kuandika majina, na yule mwenzangu wa benchi nimeshampigia simu. Amesema atakuja, kama hakuna wateja dukani.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.